Anti wa Karata Anajibu: Mashindano ya poka nyumbani, hela iende kwa wagonjwa

Wapenzi wasomaji, tangu toleo lililopita barua nyingi zimekuwa za kitu kimoja, watu wanataka kukusanya marafiki nyumbani wacheze poka na hela ipelekwe mahali inapohitajika. Nimefurahi sana kwa kweli. Nimechagua chache, ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana imegusa karibu kila kitu.

Shikamoo anti. Sisi ni marafiki tuliosoma pamoja, tuko Dar, kila mwisho wa mwezi tunakutana kwangu Mbezi tunacheza poka, Texas Hold'em, kujifurahisha tu. Mwaka huu tumesema tufanye mashindano ya siku moja, watu kama 18 hivi, na hela iende kwa watoto wanaotibiwa moyo pale JKCI, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Sasa kila mtu ana lake. Mmoja anasema mshindi achukue nusu na nusu iende hospitali, mwingine anasema hiyo kamari tutakamatwa, mke wangu anauliza watu 18 watakaa wapi na wataondoka saa ngapi. Nisaidie tuanzie wapi.
– Msomaji, Mbezi

Marahaba mwanangu. Anza na hela, karata baadaye. Ushauri wangu ni mmoja na nitaurudia: hela ya watoto iwe imeshatolewa, imeshahesabiwa na iko mikononi mwa mweka hazina kabla karata ya kwanza haijagawiwa, na zawadi ya mshindi isitoke kwenye mfuko wa mchezaji mwenzie hata shilingi. Ukishafanya hivyo nusu ya ugomvi wenu unaisha hapohapo.

Hiyo ya nusu kwa nusu ikatae kabisa. Najua mnaona wakubwa wanafanya, mwaka 2012 kule Las Vegas kulikuwa na mashindano ya One Drop, kiingilio dola milioni 1 kwa mtu, na katika kila kiingilio dola 111,111 zikaenda kwenye miradi ya maji, walicheza watu 48 kwahiyo maji yalipata zaidi ya dola milioni 5 na Antonio Esfandiari aliyeshinda akaondoka na zaidi ya milioni 18. Ni hela nyingi na imesaidia watu, sawa. Lakini piga hesabu, hiyo ni kama asilimia 11 tu iliyoenda kwenye maji, na wale walikuwa kwenye kasino yenye leseni, wachezaji wanaoishi kwa karata. Nyie mko sebuleni na mmewaambia watu ni kwa ajili ya watoto, mtu akitoa 30,000 anaamini 30,000 imefika. Halafu mtu akishajua kuna laki mbili za mshindi mezani anaanza kucheza kwa uchungu, utani unaisha, na aliyetolewa mapema anaondoka na kinyongo hata kama hasemi.

Na sheria nayo. Hapa Tanzania michezo ya kubahatisha inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, chini ya sheria ya mwaka 2003, na mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Rafiki yenu anayeogopa hajakosea, mkiweka hela mezani na mwenye nyumba akakata chake mnakuwa mmefungua kibanda cha kamari. Mkifanya mchango wa hiari, hela haishindaniwi, hakuna tiketi inayouzwa mtaani wala tangazo kwa watu msiowajua, mko mbali na huko. Na bado mmoja wenu aende Bodi aulize kabla, aeleze mpango wote ulivyo, ni asubuhi moja tu na mnakaa kwa amani. Ila mkitaka kuuza tiketi au kuchezesha bahati nasibu pembeni, hapo ruhusa ni lazima kwanza, msijidanganye kwamba neno hisani linafuta sheria.

Kukusanya hela wabongo tunajua, nani hajawahi kukaa kamati ya harusi. Fungueni grupu la WhatsApp, chagueni mweka hazina ambaye siku hiyo HACHEZI, kila anayetuma anawekewa tiki na kiasi chake kila mtu anaona. Wekeni siku ya mwisho, mfano mnacheza Jumamosi basi Alhamisi usiku orodha inafungwa. Msikubali ahadi. Ahadi za michango mnazijua wenyewe, sherehe ikishapita simu hazipokelewi. Asiyetuma naye anakaribishwa kula, kushangilia na hata kucheza, maana mchango ni wa hiari.

JKCI ni taasisi ya serikali, kwahiyo malipo yake ni ya control namba. Nendeni mapema, mkaulize ofisi ya ustawi wa jamii kuhusu kuchangia matibabu ya watoto wasio na uwezo, mpewe utaratibu na namba ya malipo. Msimkabidhi mtu hela mkononi hata awe na koti jeupe. Mkilipa, risiti ipigwe picha iwekwe kwenye grupu siku hiyohiyo. Na chakula kiwe na bajeti yake, nasisitiza, mchele wa pilau usikatwe kwenye hela ya watoto. Kama mtu 18 wametoa 30,000 ni 540,000, basi 540,000 yote ionekane kwenye risiti.

Zawadi? Mmoja wenu mwenye nafasi atoe mbuzi, kama ligi zetu za mtaani. Mwingine atoe kikombe kidogo chenye maandishi, kikae kwa mshindi mpaka mwakani. Utashangaa watu wazima wanavyogombania kikombe cha shilingi elfu ishirini.

Haya, sasa mchezo wenyewe, na hapa nitakaa maana watu wengi wanaharibu hapa. Watu 18 ni meza mbili za watu tisa. Meza ya kulia chakula ya watu sita haiwatoshi, watagongana viwiko, kodini zile za duara za shughuli na juu mtandike blanketi ili karata ziokoteke vizuri. Kila meza iwe na pakiti mbili za karata zenye migongo ya rangi tofauti, moja inagawiwa nyingine inachangwa, mnaokoa muda mwingi sana. Tafuteni karata za plastiki, za makaratasi zikishapata mafuta ya mishkaki zinakuwa na alama na mwenye jicho kali anazisoma toka upande wa pili. Vitambaa vya kufutia mikono viwepo mezani.

Chipu, vile vipande vya duara vinavyochezewa badala ya hela, seti ya vipande 500 inawatosha. Kila mtu mpe chipu za thamani ya 5,000: nane za 25, nane za 100, nne za 500 na mbili za 1,000. Ni vipande 22 kwa mtu, kwa watu 18 ni 396, zinabaki za akiba. Hizo namba ni za mchezo tu, hazina uhusiano wowote na shilingi, na hili litangazeni mwanzoni kwa sauti. Msitumie maharage wala vifuniko vya soda, kila mtu anaweza kuja navyo mfukoni.

Mke wako kauliza wataondoka saa ngapi, swali zuri kuliko yote na jibu lake liko kwenye blaindi, yale malazimisho mawili ambayo watu wawili waliokaa kushoto kwa mgawaji wanaweka kila mkono, yaani kila mgao mpya, kabla ya karata. Zikikaa palepale mtacheza mpaka alfajiri. Zipande kila dakika 20, anza 25 kwa 50, halafu 50 kwa 100, 75 kwa 150, 100 kwa 200, 200 kwa 400, 300 kwa 600, 400 kwa 800, 600 kwa 1,200, 1,000 kwa 2,000, 1,500 kwa 3,000, 2,000 kwa 4,000, mwisho 3,000 kwa 6,000. Mchezo huwa unaisha pale blaindi kubwa inapofika kama sehemu moja ya ishirini ya chipu zote zilizoko mezani. Nyie mna 90,000, na tuseme watu sita wamerudi mchezoni kwa 5,000 nyingine zinakuwa 120,000, gawa kwa 20 unapata 6,000, ndio hiyo ngazi ya 12. Ngazi 12 za dakika 20 ni saa nne kamili. Mkianza saa nane mchana na mkapumzika kila baada ya ngazi tatu, ya kwanza robo saa, ya pili dakika 25 ili wanaoswali alasiri waswali na wengine wale, ya tatu dakika tano, mnamaliza kwenye saa 12 na dakika 45 jioni. Mwambie mama saa moja watu wako getini. Ukitaka fupi zaidi fanya dakika 15.

Mapumziko ya kwanza toeni chipu zote za 25, mbadilishie kila mtu za 100, kuanzia hapo hazina kazi tena. Na hapohapo ndio mwisho wa kurudi mchezoni. Anayeishiwa ndani ya ngazi tatu za mwanzo anaruhusiwa kurudi mara moja tu, akitaka kuongeza mchango wake anamtumia mweka hazina, sio lazima.

Viti vipangwe kwa kuokota karatasi, watu wakijipangia wenyewe wale wazoefu wanakaa meza moja na wageni nyingine. Watu wakianza kutoka hakikisha meza hazipishani zaidi ya mtu mmoja, wakibaki tisa unganisheni. Refa awe mmoja, anayejua sheria, na akishasema imekwisha, hakuna kumrukia. Wageni wafike nusu saa kabla wafundishwe kwa mikono ya majaribio karata zikiwa wazi, wapewe na karatasi ya mpangilio wa mikono. Mgeni mkimcheka mara ya kwanza anapoulizia zamu ya nani mmeshampoteza, na mwakani hatakuja wala hatachangia.

Waliotoka msiwaache wakodolee simu. Wekeni bao kwenye baraza, wekeni meza ya last card. Na mapumziko ya pili pigeni mnada wa keki! Mtu aoke keki nzuri, mwenye mdomo aendeshe, kipande cha kwanza kinaweza kupanda mpaka mkashangaa, na hela hiyo nayo inaingia moja kwa moja kwa mweka hazina na kwenye risiti. Nimeona mnada wa keki ukileta zaidi ya viingilio, na bibi asiyejua karata hata moja anashiriki kama wengine. Taa ya sola na simu yenye chaji kwa ajili ya saa viwepo, umeme hauna adabu.

Anti asalaam aleikum. Marafiki zangu wa kazini wanaandaa poka ya hisani na wananishinikiza nicheze, wanasema si kamari maana hela ni ya yatima. Mimi Muislamu na roho inasita. Nikikataa naonekana nawabania yatima.
– Msomaji, Tanga

Waaleikum salaam mdogo wangu. Roho ikisita isikilize. Kwenye Al-Maida aya ya 90 kamari imetajwa pamoja na pombe kwa makatazo ya wazi, na nia nzuri ya mwisho haisafishi njia. Kama kweli hela haishindaniwi inawezekana jambo likawa na sura nyingine, lakini hilo kamuulize shehe wako unayemwamini, usiniulize mimi wala wenzako wa ofisini. Na wapo ambao karata zenyewe hawazigusi hata bila hela, nao waheshimiwe.

Yatima huwabanii chochote. Toa sadaka yako moja kwa moja, peleka chakula, kaa na wazee kwenye bao. Na nyie waandaaji mnaosoma hapa, msimwandike mtu kwenye orodha kabla hajasema ndio, na mwaliko wenu utaje tangu mwanzo kwamba kuna namna nyingine za kushiriki, mtu asilazimike kujieleza dini yake mbele ya watu. Mkiweza ondoeni na bia siku hiyo, wengi zaidi watakuja na watoto wao.

Habari anti, sisi Wakenya na Watanzania tuko Reading, Uingereza, tunataka tucheze poka kwa flati ya mwenzetu, kila mtu pauni 20, mshindi apate 100 na zingine zitumwe kwa shule ya kijijini. Iko sawa?
– Msomaji, Reading

Hapana, kwa mpangilio huo haiko sawa. Huko kwenu sheria ya mwaka 2005 inaruhusu watu kucheza nyumbani bila leseni, lakini kwa masharti kwamba hakuna kiingilio kinachotozwa na hakuna kinachokatwa kwenye hela iliyowekwa, hata kwa ajili ya hisani. Yaani mkicheza nyumbani kwa hela, hela yote irudi kwa wachezaji. Ukikata ya shule umeshatoka nje ya ruhusa.

Mna njia mbili. Ya kwanza ni ileile niliyomwambia wa Mbezi, chezeni bila hela kabisa na kila mtu atoe mchango wake wa hiari pembeni, asiyetoa naye acheze. Ya pili ni kufanya nje ya nyumba, ukumbi wa kanisa au wa jumuiya, kama shughuli isiyo ya biashara, ambapo kuna kikomo cha pauni 8 kwa mtu kwa siku na zawadi zote pamoja zisizidi pauni 600, na watu waambiwe wazi hela inakwenda wapi. Gambling Commission, wasimamizi wa kamari huko, wameandika mwongozo kuhusu poka za hisani, usomeni wote kabla hamjalipia ukumbi. Mimi ningechagua ya kwanza, pauni 20 za watu kumi ambazo zote zinafika shuleni ni bora kuliko shughuli kubwa yenye wasiwasi.

Anti, mume wangu anapenda sana mikeka, kila wikiendi anabeti, mwezi uliopita kodi ya nyumba iliyumba. Sasa marafiki zake wamemwalika poka ya kuchangia wagonjwa. Nimruhusu? Anasema hii ni ya kheri.
– Mama wawili, Morogoro

Pole sana dada yangu, hili limenigusa kuliko barua zote. Mtu ambaye kodi imeshayumba kwa ajili ya kubeti hapaswi kukaa kwenye meza ambayo kushindwa kunamfanya atamani kurudi tena, hata kama hela inakwenda hospitali. Ile hamu ya mkono mmoja zaidi haijui hela inakoenda. Usimkataze mbele ya wenzie, atakuficha tu. Zungumza naye usiku mmetulia, halafu ongea na mmoja wa waandaaji mnayemwamini, mume wako apewe kazi ya kushika saa au kuendesha mnada, kazi ya heshima yenye watu, na mchango wake utoe wewe mwenyewe kiasi mnachomudu kabla ya siku.

Waandaaji, hili ni jukumu lenu pia. Mkimjua mwenzenu ana shida ya kubeti msimuite mezani halafu mkaita hisani. Kikomo cha kurudi mara moja nimekiweka pale juu kwa sababu ya watu kama huyu baba, msikilegeze hata akiomba, hata mkiona hela ya hospitali ingeongezeka.

Na hiyo ya kila wikiendi dada, poka au bila poka, inahitaji msaada. Akubali hela ya kodi na ada ikae kwako, simu yake itolewe hizo programu za kubeti, na atafute mtu wa ushauri nasaha pale hospitali ya mkoa. Usibebe peke yako.

Anti tuligombana, mimi nilikuwa na karata tano za kopa tupu, mwenzangu mfuatano 5, 6, 7, 8, 9 wa rangi mchanganyiko. Nani mshindi? Na kama wote tungekuwa na mfuatano uleule, shupaza inaishinda kopa?
– Msomaji, Mombasa

Wewe mwenye kopa ndio mshindi. Kwenye pakiti ya karata 52 kuna mikono ya karata tano 2,598,960, kati ya hiyo mifuatano ya kawaida ni 10,200 na rangi moja tupu ni 5,108, kwahiyo yako ni adimu mara mbili na kilicho adimu kinashinda. Nyumba kamili, tatu na jozi, ni 3,744 tu, ndio maana ingewapiga nyote.

Swali la pili, hapana, kwenye Hold'em shupaza, kopa, uru na pau zote zina uzito sawa, ree ya shupaza haiizidi ree ya kopa. Mkifungana gawaneni chipu nusu kwa nusu, kama kuna moja inayobaki apewe aliyekaa karibu zaidi kushoto kwa mgawaji, na muendelee kucheza.